Kamba ya Shoto

"Mwenyeji mia, mgeni mia tano,"
akasema kijana wa tikiti, akataka kitambulisho,
kwa kuwa maneno yangu yameshika kutu ya Mombasa.
Nikamwambia: kitovu changu kimezikwa Langoni,
hatua mia mbili kutoka meza yako.
Akacheka. Akanikatia ya mia.

Ndani, pangaboi lazunguka likinung'unika.
Na hapo, juu ya magogo mawili yaliyopakwa chokaa,
ameegeshwa Mwanazidi,
au kilichosalia: ubavu mmoja, omo,
na jicho la duara, jekundu ndani ya jeupe,
linalotazama mlango wa choo.

"Mtepe huu hauna msumari hata mmoja,"
Famau anaanza, kwa sauti ya mtu
aliyekwisha kuyasema hayo mara tano tangu asubuhi.
"Mbao zote zimeshonwa. Ulifika Hafuni, ulifika Ngazija."

Kibao cha maelezo kimegongomelewa ukutani
kwa misumari minne. Nakisoma.
Mwenye chombo. Nahodha, Shee Lali. Fundi, Kheri wa Faza.
Urefu, upana, shehena ya boriti.
Kamba: usumba wa mnazi.
Basi.
Kana kwamba usumba ulijisokota.

Nyanya yangu Mwanaate hakusafiri maishani;
kuvuka hadi Manda tu, alikwenda akitapika.
Lakini makumbi aliyafukia topeni,
akayafukua miezi baadaye yakinuka kama yai viza,
akayaponda, akayachambua,
akayasokota juu ya paja,
pishi ya mtama kwa kila bunda.
Paja lile halikuwa na unywele, liling'aa kama kizingiti.
Nami, mtoto, nikidhani aliungua.
"Ndoo," akinambia, "kamba haisokotwi kwa mato."

Na alikuwa shoto.
Wenziwe wakimcheka: kamba yake ilipinda kivyake,
kinyume cha kamba za mtaa mzima,
na fundi akaitumia pasipoonekana.

Kwa hiyo silitazami jicho, sitazami omo.
Napiga magoti, miwani puani,
nafuata mshono baada ya mshono, chini, karibu na mkuku.
"Mama, hairuhusiwi kugusa..."
"Sigusi. Nasoma."

Zote zimelalia kulia.
Zote zimelalia kulia.
Hii imelalia kushoto.

Famau akainama pia. Miaka minne
anaufuta vumbi mtepe huu kwa tambara lile lile.
Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza jina,
akaliandika nyuma ya kishina cha tikiti yangu,
akasema kibao hakibadilishwi ila kwa barua ya Nairobi.

Nikatoka. Punda wa saruji wakanibana ukutani,
nikawapisha.
Nilikwenda hadi gatini bila kusema na mtu,
na njia nzima, chini ya buibui,
paja la kushoto lilikuwa likiniwasha.