Kiuno cha Bingwa

Daftari langu la vipimo, ukurasa wa kwanza, Novemba:
Pinnock, E. Kiuno thelathini na mbili. Shingo kumi na sita.
Hana pesa.

Alisimama mlangoni pangu, Leicester, Barabara ya Melton,
mvua ikimchuruzika mabegani kama paa bovu,
miaka kumi na saba, mikono asiyojua pa kuiweka.
Alitaka kaptura ya ndondi, nyeupe, ukingo zambarau.
Mimi nilitoka Kisumu na cherehani moja
na Kiingereza cha kuombea radhi,
lakini inchi ni inchi popote.
Nikamzungushia futi, akabana pumzi.
Nikamwambia kwa lugha yangu: pumua, sipimi maiti.
Akapumua. Sijui alisikia nini.

Baba yake alikuwa kondakta wa basi.
Nililipwa kila Ijumaa, sarafu moja moja,
zikiwa bado na joto la viganja vya abiria.

Joho lilikuja mwaka wa sita. Satini, yadi nne na nusu.
Herufi nilizikata usiku, macho mazito,
nikashona mgongoni: PINOCK.
N moja.
Hakuna aliyeona mpaka taa za Birmingham zilipommulika,
nami mbele ya televisheni nikaziba mdomo kwa mtandio.
Raundi ya tisa akamlaza Murdo Gilchrist
kwa konde la kushoto, fupi,
kama mtu anayefunga droo kwa kiwiko.
Bingwa wa Uingereza, uzani wa juu.
Kesho yake nilimwendea na mkasi.
Akalikumbatia joho: "Usiliguse.
Bahati haijui tahajia."

Thelathini na nne.
Thelathini na sita na nusu.
Nilitoa pindo, nikaongeza mpira, nikanyamaza.
Ajuaye kiuno cha mtu anajua anachokula usiku wa manane,
na kama analala.

Kisha akaleta mkanda wenyewe, umeviringishwa kwenye gazeti,
unanuka jasho la waliomtangulia.
Haukumfika. Na kesho picha na meya!
Nikakata kipande cha begi langu la ngozi,
lile nililotoka nalo nyumbani,
nikaunga kwa uzi wa viatu.
Itazame picha ile. Mgongoni, pasipoonekana,
Bingwa wa Uingereza ameshikiliwa
na inchi tatu za Kisumu.

Sheffield sikutazama. Nilisikiliza redio jikoni, maji yakichemka.
Magazeti yakaonyesha taulo lililorushwa ulingoni:
nililijua, pindo ni langu.
Joho likarudi na damu.
Maji baridi, chumvi, ndimu, usisugue.
Doa likatoka.
Ila maneno yake tangu siku ile yalikuwa yakikanyagana mdomoni,
na Coralie, mkewe, akawa anamalizia sentensi zake,
mpaka alipochoka, akaondoka na sentensi zilizobaki.

Koti jeusi, la kulindia mlango wa ukumbi wa bingo.
Suruali ya mazishi ya baba.
Halafu kurasa nyingi bila jina lake.

Februari hii amekuja. Nimepima mara mbili:
thelathini na mbili.
Inchi zote nilizomkopesha amezirudisha.
Mkono wa kushoto unatetemeka mfukoni
kama simu iliyozimwa sauti.
Akatandika joho mezani.
"Mjukuu wangu ameanza kusoma," akasema, taratibu,
akichagua kila neno kama mtu anayevuka barafu.
"Anauliza, huyu Pinock ni nani."

Kuingiza N moja si kazi ndogo.
Lazima nifumue O, na C, na K, nizisogeze.
N mpya itakuwa nyeupe kupita wenzake; nilimwambia,
akasema hata meno yake yako hivyo.
Nikafumua. Chini ya O satini haikupauka,
zambarau ya usiku ule wa Birmingham,
duara dogo, lingetosha kitufe.
Akaweka kidole hapo, akabana pumzi.
Sikumwambia kitu.
Uzi ulikuwa mdomoni.