Kizuizi cha Kilomita Sabini na Nne

Saa kumi na moja jioni simu zote zililia pamoja,
za madereva, za mpishi, hata ile ya marehemu Ermek
ambayo mjane wake bado huichaji kila usiku:
Tahadhari. Dhoruba ya theluji. Upepo mita ishirini na nane kwa sekunde.
Barabara ya Karaganda imefungwa. Msisafiri.
Nikavaa buti za sufu, nikatoka, nikashusha boriti.

Nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Anga safi kama sahani iliyolambwa.
Nyikani hapakutikisika jani; kwanza, jani liko wapi?

Wakaanza kuja.
Shuhrat wa Tashkenti na tani kumi na nane za komamanga:
“Yakiganda nitauza nini, bwana, barafu nyekundu?”
Msafara wa harusi, magari matano yenye riboni,
bibi harusi kajikunyata ndani ya koti la baba yake,
wanja umemkauka, anauliza saa kila baada ya dakika.
Kisha Raushan, peke yake, kwenye gari bovu la kijani.
Hakupiga honi. Alishusha kioo:
“Mama yangu yu taabani Temirtau. Kilomita sitini tu.
Seitkali, hebu tazama juu.”

Nilitazama juu.
Nyota hizo, mtu angeweza kuzichuma.

Nikasema hapana.

Miaka sita nyuma nilimfungulia mwalimu wa hesabu.
Alikuwa na haraka na tabasamu,
nami nilikuwa na haya ya kukataa.
Tulimpata mwezi wa tatu, hatua mia mbili kutoka garini,
amevua koti, amevua viatu, amevipanga;
baridi ikikomaa humwambia mtu anaungua.
Hilo sikumweleza Raushan. Lingekuwa kama kujitetea.

Ndani ya mkahawa Kulpash alimimina chai ya maziwa
hadi maziwa yakaisha, akamimina chai.
Shuhrat aliingiza makasha, moja moja, akayapanga kuzunguka jiko
kama watoto wa mtu mwingine aliokabidhiwa.
Wa kwa bwana na wa kwa bibi walikula peremende za harusi
bila kuangaliana.

Saa nne: nyota.
Saa sita: nyota.
Saa nane nilitoka nikasimama katikati ya lami
kuungoja upepo
kama mtu anayemngoja shahidi wake mahakamani.
Nilitaka uje. Mungu anisamehe,
nilikaa pale na taa mkononi nikiiomba dhoruba,
ing'oe bati, izike magari, inioneshe kuwa na haki.
Kimya kile kilikuwa na masikio.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari.
Hawakusema, hatari isipokuja,
ile tahadhari iitweje.

Saa moja na nusu asubuhi simu zote zililia pamoja:
Barabara imefunguliwa. Safari njema.

Bwana harusi alinitukana kwa Kirusi,
lugha tunayoiwekea matusi ya maana.
Shuhrat aliacha komamanga moja dirishani, gumu kama jiwe,
sijui ni shukrani au ni hesabu ya hasara.
Simu ya Raushan ilikuwa imelia mapema, peke yake, saa kumi alfajiri.
Kulpash ndiye aliyemshika.

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.
Alifunga mkanda, akawasha taa ingawa kulishakucha,
akangoja nipandishe boriti hadi mwisho kabisa,
ilhali nafasi ilikuwa imetosha zamani,
ndipo akapita, polepole,
kama mtu asiye na anakowahi.

Saa saba mchana upepo ukaja.
Mita nne kwa sekunde.
Uliokota riboni moja nyeupe barabarani,
ukaivuta kidogo,
ukaiacha.