Dakika ya Sita

Mwalimu Nkwimba aliingia na mfuko wa karatasi,
na la tano B nzima, watoto tisini na mmoja,
tukanyamaza bila kuambiwa,
maana mfuko ulinukia ndizi na nanasi za uongo.

"Msile," alisema. "Atakayekula amekula jibu."

Kila kikundi pipi nne, vikombe vinne:
maji ya bomba, maji ya ziwa, maji ya chumvi,
na ya moto toka chupa ya chai ya walimu.
Rula ya Mbuke, iliyovunjikia kwenye ishirini na tatu.
Saa ya mwalimu ikaning'inia kwenye msumari
ulioachwa na ramani.

Pima kwanza. Upana, milimita kumi na nane.
Shija akanong'ona: tuiite ishirini, ni namba nzuri.
Mwalimu, mgongo kwetu, akaandika ubaoni:
*Andika ulichokiona, si ulichotaka kukiona.*
Sijui alisikiaje.

Dakika ya kwanza: rangi inashuka,
moshi uliokosea njia.
Ya pili: maji ya moto mekundu, ya ziwa bado yanasita.
Ya tatu, nyufa. Ya nne, sauti,
ndiyo, ukitega sikio: ti, ti,
kama mvua ya mbali juu ya bati la mtu mwingine.
Ya tano: kumi na nne, kumi na nne, kumi na tano, saba.
Dakika ya sita
kikombe cha chumvi kilikuwa na chumvi tu.

Tukatazamana. Lushinge alitazama dari.

Mimi ndiye karani wa kikundi.
Ningeandika kumi na tano tena, nani angejua?
Nikaandika: *Pipi haipo. Shavu la Lushinge limekula.*

Mwalimu alisoma, akakaa juu ya dawati kwa kucheka.
Kisha akauliza, "Umeiona ikila?"
"Hapana."
"Umeona nini?"
"Shavu limevimba."
"Milimita ngapi?"
Lushinge akapimwa, macho yanamtoka kwa chumvi.
Ishirini na sita.

Nilirudi nyumbani na ugonjwa.
Nilihesabu ngazi za mawe toka bombani hadi mlangoni kwetu,
mia moja na kumi na mbili.
Nilipima sabuni kabla ya kufua na baada ya kufua.
Nilipima kivuli cha mbuzi wa jirani, akahama nacho.
Jioni nikapima kopo la mama,
lile la kuuzia dagaa Kirumba,
zamani la maziwa ya unga.

Nje, urefu: sentimita kumi na mbili.
Ndani, kina: tisa na nusu.

Nikapima tena. Nikatoa ile nafasi kabla ya sifuri.
Nikapitisha kidole: kitako kimegongwa kikaingia ndani,
kwa ustadi, mviringo, kama kitovu cha mtoto.

"Unaandika nini?" Mama alikuwa anapeta, hajageuka.
"Kazi ya mwalimu."
"Mwalimu kataka makopo?"

Akanyoosha mkono, wenye magamba hadi kiwiko.
Nikampa daftari.
Mama herufi zinampa shida, lakini namba anazijua,
ndizo zilizotulea.
Alitazama kumi na mbili. Alitazama tisa na nusu.
Akarudisha daftari, akaendelea kupeta,
na makapi yakaruka upande wangu.

Usiku nikasikia jiwe juu ya bati,
linagonga toka ndani kwenda nje,
taratibu, la mtu asiyetaka majirani waamke.
Nilihesabu. Kumi na saba.

Asubuhi alishaondoka, na kopo lake.

Sikulipima tena.
Kwenye jedwali langu mstari ule una safu tatu:
kabla, baada, tofauti.
Ya kwanza imejaa.
Zilizobaki nimeziacha hivyo, nyeupe,
na mwalimu aliposahihisha aliweka vema hapo,
kwa wino mwekundu, bila kuuliza.