Dume Hutangulia

Mvua ya kwanza Hogoro ilikuja kututania:
matone ya kuhesabika juu ya tembe, vumbi likanuka, basi.
Lakini kupe walisikia.
Kesho yake nilimkuta mmoja kinenani mwa Nzelu,
dume, mgongo wake umenakshiwa kama kitenge cha sikukuu,
amezamisha mdomo, katulia,
mgeni aliyekwisha kupewa kiti.

Nikanyoosha kucha.
“Usimng’oe,” akasema Sechelela wa utafiti,
amechutama, kalamu imechomekwa kwenye nywele.
“Mpe siku sita.”

Sina huruma na kupe, niseme mapema.
Maji moyo ilinilia ndama wawili mwaka juzi;
walizunguka, wakazunguka, wakaanguka hapo penye jiwe la chumvi.
Ila nilimpa siku sita.
Hana sauti. Hana bawa.
Alikula tu,
na damu ya kukopa ikageuka ndani yake
kuwa neno.

Siku ya saba akalitoa.

Majike walikuwa chini ya majani makavu,
miguu ya mbele wameiinua
kama abiria wa Pandambili wanaosimamisha lori.
Pua yao iko hukohuko, miguuni.
Wakapita ng’ombe wa Masinjisa, wanono, ngozi inang’aa,
wasio na dume hata mmoja.
Majike wakawaacha wapite.
Akaja Nzelu wangu, mbavu nje,
wakamkimbilia.

Sechelela akafungua kichupa: “Nusa.”
Nikanusa.
Magoti ya bibi!
Dawa ya kuchua, ile ya kuchoma pua,
usiku wa baridi ya Juni, taa imefifia,
na babu, ambaye maisha yake yote hakujua kutamka pole,
anachua goti moja, anahamia la pili,
anarudi la kwanza.

“Ndiyo hiyo,” akasema. “Karibu sana na hiyo.
Dume anasema: hapa pana damu, mimi nipo, njoo.”
Kisha akavaa glavu,
akafunga mkiani mwa Nzelu kibao cha plastiki
chenye harufu nusu, sumu nusu.

Asubuhi niliwafagia.
Wamelala chali, wengi kuliko punje za uwele kwenye ungo,
miguu ya mbele bado juu.
Nilifurahi, kwa ajili ya ndama.
Nikafagia tena mahali palepale palipokwisha kuwa safi.

Chidosa aliondoka mwaka wa njaa kwenda Kiteto.
“Ngoja nitangulie. Nikipata pa kukaa nitakuita.”
Sikuuliza siku ngapi.
Misimu miwili ya mlenda mkavu,
mtoto akaota meno, akaanza kuyang’oa,
na jana, nikiwa nakamua,
simu ikatetemeka kwenye pindo la khanga:
Nimepata chumba. Njoo.

Maneno mawili na chumba.
Herufi hazina jasho, mtu yeyote anaweza kuzifunga mkiani.
Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
Nzelu ananitazama, anacheua,
na mimi, mwanamke mzima mwenye akili zangu,
nikaileta simu puani.

Ilinuka mikono yangu:
maziwa, majani, dawa ya josho.

Nikavuta tena, taratibu zaidi.