Sikio la Kushoto la Jacirema

Juu ya duka la kutengeneza mapangaboi, mtaa wa Guamá, jijini Belém,
vyumba viwili, ngazi ya mbao inayolia,
magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia sauti:
hapo nilipiga besi miaka kumi na tisa,
na hapo Jacirema Tavernard alinifukuza kazi mara nne.

Baba yake alikuwa fundi redio.
Usiku mawimbi mafupi yalivuka msitu na mto
yakileta kumbia ya Kolombia, merenge ya visiwani,
mhubiri wa Kifaransa kutoka Kayena,
wote wakigombania mshale mmoja wa stesheni.
Mtoto alilala chini ya meza, akadhani ni wimbo mmoja.
Hakuna aliyemsahihisha.

Ndiyo maana, alipopata mashine yake ya kwanza,
alimwita mzee Cupertino na ngoma za karimbo,
yale magogo yanayokaliwa kama farasi,
akamweka ubavuni mwa kinanda cha kanisa
kilichouzwa bei ya kutupa kwa kuwa kilikuwa na kiungulia,
akamwambia mpiga gita: wewe piga kama mtu anayedaiwa.
Wazee wa ngoma wakasema ameitia najisi.
Vijana wa gita wakasema amewarudisha shamba.
Mshika mbili, wakasema, moja humponyoka.
Yeye alikuwa ameshika tano,
na ya sita ameiuma kwa meno.

Kampuni kubwa ya São Paulo ilimtuma mtu mwenye viatu vyeupe.
Mvua ya saa tisa ikamkuta ngazini.
Alisikiliza, akatikisa goti, akajizuia, akatikisa tena,
kisha akauliza: "Hii tutaiweka rafu gani?"
"Iweke mlangoni," akajibiwa, "kila aingiaye ajikwae."
Mkataba ukarudi São Paulo umelowa, haujatiwa saini.

Tukauza santuri kwa baiskeli.
Daktari wa meno alichukua tatu, akaning'oa gego.

Ule wimbo wa Lindinalva, wa kila harusi kutoka Macapá hadi Manaus,
ni Jacirema aliyeupindua mdundo,
ni yeye aliyegonga kile kifuniko cha sufuria.
Kwenye jalada wakaandika Jacir, jina la kiume.
Alicheka.
Kisha akatoka nje kuvuta sigara,
na sigara ile moja ilichukua saa nzima.

Halafu ukaja ukungu.
Kanda zikanata; tukizizungusha zinalia kama paka,
zinaacha ngozi yao ya kahawia juu ya chuma.
Akazipakia mia moja na kumi kwenye mkokoteni
hadi kwa Otoniel mwokaji,
tanuri likiwa limeshapoa nusu, mikate imeshatoka.
Nilikaa kwenye gunia la ngano nikikodolea kile kimlango:
ujana wetu unakaushwa kama biskuti.
Zikapona, isipokuwa tisa.
Katika hizo tisa imo sauti ya mama yake.
Hatukulitaja. Hata Otoniel hakulitaja,
ila kwa wiki nzima alikataa pesa ya mkate.

Siku hizi wanakuja vijana, kompyuta mapajani.
Wamekata sekunde nne za besi yangu
wakazizungusha mpaka zikatosha usiku kucha.
Wanamwita malkia.
Anawauliza kama wamekula.

Na yuko profesa aliyeandika kurasa thelathini
kwa nini ngoma zake zote huegemea kushoto.
Ameiita falsafa ya pembezoni.
Mimi nakumbuka alivyoniambia, umeme umekatika, gizani:
homa, akiwa na miaka sita, ililiziba sikio la upande ule.
Basi akiwa kwenye mashine huongeza kushoto,
huongeza tena,
mpaka dunia imkalie sawa.

Nenda dansini Jumamosi, utazame:
shingo zote zimelala upande mmoja.
Yangu, daktari anasema ni baridi yabisi.
Sikumbishia.