Kwa Mpenda Ndege Ajaye Kisoro

Usije mchana. Mchana Muhabura hujifunika,
na rubani akikuta mlima umejitanda shuka
hugeuza, akatua kwingine,
ukabaki wewe na kamera yako.

Njoo alfajiri, umande ungali kwenye viazi.
Vaa sweta; hapa si Entebbe.
Muulizie Mbonigaba, wa filimbi na buti zisizo jozi:
ndiye afukuzaye mbuzi uwanjani,
naye huisikia injini kabla ya mbwa.

Msalimie kwanza. Picha baadaye, kwa ruhusa.
Askari humwona mwenye lenzi ndefu
kama mwenye mkono mrefu.

Itakuja ndogo, nyeupe, injini moja,
ikiyumba kama mbeba maji penye utelezi;
hewa ya huku nyepesi, haina pa kuegemea.

Usikimbilie kuandika namba ya mkiani.
Mimi niliandika mia tatu na kumi na mbili,
miaka tisa,
na sijui hata moja ilimleta nani.

Jana nilifunga daftari.
Akashuka binti mwenye bandeji jicho la kushoto.
Mbonigaba akaitupa filimbi.

Mbuzi wakaingia uwanjani,
hakuna aliyewafukuza.