Kamba ya Roda

Kutaisi, mwezi Machi. Maji huja saa kumi na moja alfajiri
yakikohoa bombani kama mvutaji wa tumbaku,
nami nimeshaamka, ndoo mbili tayari,
na nepi kumi na nne za Tekle
zinangoja kavu kwenye kikapu chenye matundu.
Siloweki tena. Kuloweka usiku kucha
ni kuualika uvundo kwa chakula cha jioni.

Kanuni zangu ni chache, nimezilipia kwa vipele vya mtoto.
Kilicho kigumu kiende chooni.
Kisha maji baridi, maana ya moto hulipika doa
likang'ang'ania uzi kama deni.
Kisha ya moto, na sabuni kijiko kimoja,
si viwili, hata mkono ukiniwasha.
Kisha suuza, suuza, suuza,
hadi ndooni usibaki ila uso wangu.

Mama mkwe wangu, Tsiala, haamini kijiko kimoja.
Yeye ni mtu wa kuchemsha.
Juzi nimetoka kununua mkate,
narudi, sufuria ya kupikia jamu iko jikoni inatokota,
na ndani yake zinapanda na kushuka
nepi zangu sita za vifungo,
mitumba ya mwanamke mmoja wa Batumi,
kila moja kwa bei ya kilo ya jibini.
Lastiki zimelegea kama shingo ya soksi kuukuu.
Ule utando usiopitisha maji
umejikunja, umechanika, kama malai ya maziwa.
"Sasa ndiyo safi," akasema.

Sikumjibu. Nilifunga mlango wa roshani polepole,
polepole ile ambayo ni kelele.

Usiku Tekle akalowesha nepi, shuka, godoro, na mimi.

Asubuhi Tsiala hakusema samahani.
Alifungua kabati la matambara ya kufutia madirisha,
akatoa furushi, akaliweka juu ya meza
kati ya chai na chumvi.
Vipande vya shashi, miraba, pindo za mkono.
"Winda za Gocha."

Gocha ni mume wangu. Anaendesha lori huko Poland,
sauti yake hutufikia Jumapili, nusu.
Vitambaa vile vilipoachana na makalio yake
vilichuja jibini, vilifunga goti lililochubuka,
vilifuta vioo miaka thelathini na zaidi,
na sasa ni laini hata kidole hakijui
kimeanza kugusa saa ngapi.

"Majira yale ya baridi umeme ulikuwa hadithi," akasema.
"Nilichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa.
Pasi niliipasha papo hapo, nikapiga pande zote mbili
mpaka kitovu kikapona.
Daktari hakuwepo. Sufuria ilikuwepo."

Akanionyesha mkunjo: pembe tatu, ncha chini,
kitovu kiachwe nje kipumue.
Nami nikamwonyesha kifuniko changu cha nje,
mmoja wa wale walionusurika,
nikamsomea lebo: nyuzi arobaini, usizidishe.
Aliigeuza lebo, akaitazama nyuma,
kana kwamba ukweli umeandikwa upande wa pili.

Sasa tunaanika pamoja. Roda inalia,
kamba inavuka ua hadi ukuta wa jirani,
na Zhuzhuna wa ghorofa ya chini anapiga kelele
kwamba tunamnyeshea kahawa yake.
Jua la Machi ni dhaifu, lakini doa la njano halina habari;
kufika saa nane limeondoka bila kuaga.

Tsiala bado hupiga pasi pande zote mbili
akidhani nimelala.
Sabuni naye huongeza, najua, hupimi kwa macho ukakosa kuona.

Jumapili nilimwambia Gocha: mwanao amevaa nepi zako.
Akanyamaza. Mtandao, labda.
"Zipi?" akauliza mwishowe.
Mvua ilikuwa inaanza. Nikamwachia mama yake simu,
nikaenda kuvuta kamba.